Puli Mpya kwa Motokaa Yako? Pima Kwanza, Ndipo Ufunge

Msomaji mpenzi, yawezekana wayasoma maneno haya ukiwa Marui, umeketi chini ya mwembe baada ya kurudi shamba, na mbele yako imesimama motokaa yako. Si mpya. Ilitoka Japani ikiwa imekwisha tumika miaka mingi, nawe ukainunua kwa fedha za korosho na akiba ya siku nyingi. Motokaa hiyo yabeba mihogo, nazi, na watoto. Tena usiku wa manane yabeba wagonjwa, maana jirani akizidiwa hagongi mlango wa mtu asiye na gari, hugonga wako.

Basi, kabla hujashika spana kubadili kitu katika injini hiyo, nisikilize kidogo. Nataka kukueleza habari ya puli, yaani yale magurudumu ya chuma yaliyo mbele ya injini, yanayozungushwa na mkanda. Siku hizi wengi huzinunua mjini na kuzifunga wenyewe nyumbani. Kazi hiyo yawezekana, nami siikatazi. Lakini yataka kujua unafanya nini, na kwa nini. Mimi nilijifunza kwa njia mbaya, na sipendi nawe upite njia hiyo.

ZAWADI KUTOKA MJINI

Jumamosi moja mpwa wangu alifika kutoka Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na marahaba alifungua mfuko wake, akatoa puli moja ya alumini, nyepesi kama sufuria, yenye rangi nyekundu ya kung'aa. Pamoja nayo palikuwa na mkanda mpya, mfupi kidogo kuliko ule wangu.

"Mjomba," akasema, "hii ndiyo wanayofunga vijana wa mashindano ya magari. Injini inakuwa nyepesi, gari inakimbia, na petroli inapungua."

Nikauliza, "Ina ubaya wowote?"

"Muuzaji hakusema ubaya, mjomba."

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza, msomaji. Tulimwuliza muuzaji, hatukuiuliza injini. Jioni ile ile tukaifunga. Kwa muda wa wiki mbili nilijiona bwana. Gari ilipanda mlima kwa furaha, au pengine furaha ilikuwa yangu mwenyewe.

MASHINE YA KUSAGA YAKUFUNDISHA

Ili ufahamu jambo lililotupata, enenda kwenye mashine ya kusaga ya kijijini. Utaona injini yenye puli yake, na kinu chenye puli yake, na mkanda katikati. Mwenye mashine ajua vema ya kwamba akiweka puli kubwa kwenye injini, kinu hukimbia. Akiweka puli ndogo, kinu huenda polepole, na unga hutoka vingine. Injini ni ile ile, bali kipimo cha puli kimebadili kazi yote.

Motokaa yako ni hivyo hivyo. Puli kubwa ya chini imefungwa kwenye kranki, ule mhimili mkuu wa injini. Mkanda hutoka hapo kwenda kuzungusha vyombo vingine. Katika Toyota ndogo kama IST yenye injini ya 1NZ, mkanda mmoja tu huzungusha alteneta inayotengeneza umeme, pampu inayosukuma maji ya kupoza injini, na kompresa ya kiyoyozi. Mkanda mmoja, kazi tatu. Ukiigusa puli ya kranki, umezigusa zote tatu.

Sasa tupige hesabu pamoja. Puli yangu ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 140. Puli ya alteneta ilikuwa milimita 56. Gawanya 140 kwa 56, wapata 2.5. Maana yake, kranki ikizunguka mara moja, alteneta huzunguka mara mbili na nusu. Injini ikiwa imesimama mahali pamoja, ikizunguka mara 700 kwa dakika, alteneta huzunguka mara 1,750.

Puli nyekundu ilikuwa na milimita 112. Gawanya 112 kwa 56, wapata 2. Injini ikizunguka mara 700, alteneta yazunguka mara 1,400 tu. Imepungukiwa na mizunguko 350 kila dakika, na pampu ya maji nayo imepungukiwa na sehemu moja katika tano ya mwendo wake.

Kwa gari la mashindano hilo si neno. Injini yake hukimbia sana wakati wote, na alteneta hupata mwendo wa kutosha. Mwenye gari hilo hutafuta nguvu za farasi chache tu za kumpita mwenzake, tena kwa mwendo wa kasi. Lakini wewe wa Marui waenda polepole kwenye mchanga na mashimo. Ukifika Gongo la Mboto wakuta foleni, na injini yanguruma mahali pamoja. Hapo ndipo unapohitaji umeme na maji ya kupoza, na hapo ndipo puli ndogo inapokunyima.

USIKU WA MVUA

Ulikuja usiku wa masika. Jirani yangu aligonga mlango, mkewe ameshikwa na uchungu, na mkunga ameshauri apelekwe hospitali ya wilaya, Kisarawe. Nikawasha motokaa. Taa kubwa zikawaka, waipa zikaanza kufuta maji, feni ya kupuliza kioo nayo ikafanya kazi, maana kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu.

Kumbuka, msomaji, taa 2 za mbele za wati 55 kila moja hula peke yake kama ampea 9 za umeme. Ongeza waipa, ongeza feni ya kioo na ile ya rejeta, ongeza pampu ya petroli na cheche za injini yenyewe. Alteneta ikienda polepole, aghalabu haitoi hata nusu ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Kilichopungua hukopwa kwenye betri, na betri ni kama ghala. Ukichota bila kuingiza, siku moja utafika chini.

Twende polepole matopeni, nikaona taa zafifia, zimekuwa manjano kama kibatari. Waipa zikachoka. Mwisho injini ikakohoa, ikazimika. Nikageuza ufunguo, nikasikia "tik" moja tu, basi. Gari langu ni la otomatiki, na gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa. Tulikaa gizani, mvua yanyesha, mama yule akiugulia kiti cha nyuma, na mumewe hakusema neno. Afadhali angenilaumu.

Mungu alijalia, likaja lori lililopakia mihogo likielekea mjini. Wakampakia yule mama mbele, na mtoto akazaliwa salama hospitalini. Lakini tangu usiku ule siwezi kuitazama rangi ile nyekundu.

Kesho yake fundi mzee wa Kisarawe aliitazama motokaa, akatabasamu bila furaha. Akaniomba ile puli ya zamani, akaziweka mbili sambamba, akachukua rula. Hakuhitaji kueleza mengi.

MPIRA ULIO NDANI YA PULI

Kisha akanionyesha jambo la pili, ambalo watu wengi hawalijui. Puli ya zamani haikuwa chuma kitupu. Kati ya kitovu chake na duara ya nje palikuwa na ukanda mwembamba wa mpira. Ile mpya haikuwa nao.

Mpira ule ni wa nini? Injini ya petroli yenye silinda 4, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupata mapigo ya moto 100 kila sekunde. Kila pigo hukipinda kranki kidogo sana, kisha hurudi, kama mtu akamuaye nguo iliyofuliwa na kuiachia. Chuma kikipindwa namna hiyo mara nyingi bila kutulizwa, huchoka, na chuma kilichochoka huvunjika. Duara nzito ya nje pamoja na mpira wake hutuliza mtikisiko huo. Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa mmoja wa waliobuni vyombo vya kutuliza kranki, mwanzoni mwa karne ya 20, nao mpaka leo watengeneza magari hutumia maarifa hayo.

Si kila injini ina puli yenye mpira. Nyingine hutulizwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo shika neno hili moja: ikiwa puli iliyotoka kiwandani ina mpira, usiiondoe kuweka isiyo na mpira, hata ukiambiwa maneno matamu namna gani.

NI LINI YAKUPASA KUBADILI?

Zipo sababu za haki za kubadili puli. Mpira huzeeka, hupasuka, na duara ya nje huteleza. Puli iliyopinda hucheza cheza ikizunguka. Beringi ya puli ndogo hupiga kelele kama ndege. Mkanda huliwa upande mmoja tu.

Jaribu hili nyumbani, halina gharama. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chora mstari mmoja mnyofu kwa chaki au rangi nyeupe, kutoka kitovu cha puli, upite juu ya mpira, mpaka duara ya nje. Endesha siku chache, kisha zima injini utazame. Mstari ukiwa bado mnyofu, mpira wako umeshika. Ukiwa umekatika, kitovu huku na duara kule, basi puli imekufa, ibadili upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUNUNUA KWA AKILI

Ukienda Kariakoo au Gerezani kutafuta spea, usiende mikono mitupu. Chukua puli ya zamani, au andika jina la injini, si jina la gari tu, maana gari la jina moja huweza kuwa na injini mbalimbali. Mbele ya muuzaji, linganisha mambo haya:

Upana wa duara uwe ule ule. Hesabu mifereji ya mkanda, iwe sawa, isizidi wala isipungue. Tundu la katikati na mkato wake vikae sawasawa na vya zamani. Weka zote mbili juu ya meza uone kama urefu wake ni mmoja, maana milimita 2 tu za tofauti zitaupinda mkanda. Tazama kama mpira upo, na kama haujapasuka. Zishike mkononi, na uzito usiachane sana.

Puli iliyotengenezwa na kiwanda kingine si lazima iwe mbaya. Viwanda vingi hutengeneza spea nzuri zilizo sawa na za kwanza. Tena puli iliyovuliwa kwenye injini ya Japani, kama mpira wake ni mzima, huweza kukufaa kuliko mpya ya bandia. Ubaya ni kitu kinachovaa jina lisilo lake. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 yakataza udanganyifu huo, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo ishughulikayo na bidhaa bandia. Kwa hiyo dai risiti, uitunze. Mtu asiye na risiti analalamika kwa upepo.

KAZI YENYEWE

Kama umekwisha pata puli iliyo sawa, na una vyombo, waweza kuifunga mwenyewe. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja.

Kwanza, usalama. Simamisha gari mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Udongo wetu ni wa mchanga, kwa hiyo weka ubao mpana na mnene chini ya jeki. Ukishainua, weka stendi za chuma. Usitumie matofali ya saruji, maana hupasuka ghafula bila kuaga. Wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia tu. Watoto wakae mbali, na asiwepo mtu wa kuwasha gari kwa mzaha, kwa hiyo ufunguo uwe mfukoni mwako.

Pili, ngoja injini ipoe, kisha toa waya hasi wa betri.

Tatu, vua gurudumu la mbele upande wa mkanda, na kifuniko cha plastiki kilicho nyuma yake. Kwenye IST ni upande wa kulia. Sasa puli yaonekana. Chora kwenye karatasi njia ya mkanda ulivyopita, maana kesho utasahau. Legeza alteneta, toa mkanda.

Nne, bolti ya kranki. Hii imekazwa sana. Gari la gia za mkono huwekwa gia kubwa, na mwenzako hukanyaga breki ili injini isizunguke. Gari la otomatiki lataka chombo maalumu cha kushikia puli. Usijaribu ile hila ya kuegemeza spana chini na kupiga stata ili bolti ilegee. Spana hiyo imewavunja watu mikono.

Tano, kuvua puli. Ikikataa, tumia chombo cha kuvutia kinachoshika kitovu. Usipige nyundo, na usishike duara ya nje, maana utaurarua mpira. Itazame kabari ndogo ya chuma kwenye kranki isipotee mchangani. Tazama pia sili ya oili iliyo nyuma. Kama yavuja, ibadili sasa, ndipo usirudie kazi yote mwezi ujao.

Sita, kufunga. Futa mahali pote kwa kitambaa safi. Pakaza oili kidogo kwenye mdomo wa sili. Ingiza puli kwa mkono ikilingana na kabari, isukume taratibu. Rudisha bolti, au weka mpya ikiwa kitabu cha gari chasema hivyo.

Saba, kukaza. Kila injini ina kipimo chake, na katika injini nyingi ndogo huzidi nyutoni-mita 100. Je, hiyo ni nguvu gani? Chukua ndoo ya maji ya lita 20, ining'inize kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Nguvu hiyo ni karibu nyutoni-mita 100. Nimekueleza upate picha tu. Kwa kazi yenyewe azima spana ya kupimia. Bolti iliyolegea hula kabari na kranki, na iliyokazwa kupita kiasi hukatika ndani. Kranki moja ni bei ya puli nyingi.

Nane, rudisha mkanda kwa njia ile ile uliyoichora. Ukaze kwa kusogeza alteneta. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu, ushuke kadiri ya sentimita 1, isipokuwa kitabu chasema vingine. Uliolegea hulia na kuteleza, na uliokazwa mno hula beringi za alteneta na pampu.

BAADA YA KUFUNGA

Rudisha waya wa betri, washa injini, simama kando. Kanga, tai, na mikono mirefu ya shati vikae mbali na mkanda, maana mkanda hauna huruma. Tazama kama puli yazunguka bila kuyumba. Sikiliza.

Kisha pima umeme wa betri kwa mita. Injini ikiwa inanguruma, wapaswa kuona kama volti 13.5 hadi 14.5. Sasa washa taa kubwa, waipa na feni, injini ikiwa katika mwendo wa chini. Volti zikishuka chini ya 13 na kuzidi kushuka, usiende safari. Huo ndio mtihani ambao mimi sikuufanya. Dakika 5 chini ya mwembe zingeniepusha na usiku wote ule matopeni.

Baada ya siku chache tazama tena mkanda, kwa sababu mkanda mpya hulegea kidogo.

Na kama huna vyombo, au moyo wako una shaka, mpeleke fundi. Si aibu. Vijana wengi wamesomea kazi hii katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ila simama karibu utazame, uulize. Mwenye gari asiyeuliza hulipa mara mbili.

NENO LA MWISHO

Msomaji, motokaa kijijini si ya mwenyewe tu. Kadi ina jina lako, lakini usiku wa mvua ni ya kila mtu. Jirani akipanda na mgonjwa wake hakuulizi umefunga nini ndani ya injini. Ameamini tu. Imani hiyo ni deni.

Puli yangu ya zamani imerudi mahali pake. Ile nyekundu naitumia kama kizito cha kuzuia mlango usipigwe na upepo, na kazi hiyo yaifanya vizuri sana. Mpwa wangu akija hucheka. Mara ya mwisho aliniletea kitu kingine kutoka mjini, akakiweka mezani.

"Shikamoo, mjomba. Hii safari nimekuletea rula."

"Marahaba," nikamjibu. "Sasa ndio umekuwa fundi."